Fulana Nyeupe za Mwalimu Gahongayire

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Pikipiki mbili zilisimama mbele ya nyumba moja ya Masaka, hapa Kigali. Kila moja ilifungiwa boksi nyuma. Ndani ya maboksi mlikuwa na fulana nyeupe, mpya, zenye picha ya mwanamke aliyevaa miwani.

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyo ni Gahongayire. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Alifundisha masoko ya kidijitali, yaani kazi ya kutangaza na kuuza bidhaa kwa njia ya simu na mtandao. Alifariki Jumatano, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jumamosi hiyo alikuwa anazikwa.

Aliyezipokea fulana ni Umulisa, binti yake wa pekee. Alitoa moja, akaikunjua. Juu, picha ya mama. Chini ya picha, jina la kampuni inayouza bidhaa mtandaoni. Pembeni ya jina, alama ya mraba ya kuchanganua kwa simu. Umulisa aliichanganua. Ukurasa ukafunguka: mama yake anatabasamu, na maneno haya, "Andika salamu zako za pole." Ili uandike, lazima kwanza utoe namba yako ya simu.

Umulisa aliketi juu ya boksi. Alijua mama yake angesema nini. Tatizo ni kwamba mama hakuwepo kusema.

Turudi nyuma kidogo. Gahongayire alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya wakimbizi wa Rwanda. Mama yake aliuza ndizi mbivu sokoni. Kaka yake, mzee Muhire, anakumbuka.

"Mama alikuwa anapanga zile nzuri mbele," anasema. "Gahongayire akibaki mezani, anageuza chane, mteja aone palipochubuka. Mama akapiga kelele: mtoto huyu atatufilisi! Akamfukuza. Ariko, lakini, wateja wakaanza kuuliza, yule msichana yuko wapi?"

Alirudi Rwanda mwaka 1995. Alifundisha sekondari, akasoma, akaingia chuo kikuu. Wengi walidhani anachukia matangazo. Hakuyachukia. "Tangazo ni kazi kama useremala," alikuwa akisema. "Lakini seremala akikuuzia kiti chenye mguu mfupi, asikwambie kosa ni lako, hukukipima."

Somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa lile lile. Kila mwanafunzi alete kitu alichonunua baada ya kukiona kwenye simu. Christella, aliyesoma kwake, alileta mashine ya kukamua juisi.

"Ulinunua nini?" mwalimu alimuuliza.

"Mashine ya juisi, madamu."

"Sijauliza umebeba nini. Nimeuliza ulinunua nini."

Christella alifikiri. "Basi nilinunua jiko la yule dada wa kwenye video. Lina dirisha kubwa, na hakuna watoto wanaolia."

"Ulilipata?"

"Nilipata mashine, madamu. Na watoto wa dada yangu wanalia zaidi, wanataka juisi."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema, "Haya, leo umeanza kusoma."

Kulikuwa na somo moja ambalo hakulichekea. Mume wake alipofariki, Umulisa akiwa bado sekondari, kijana mmoja mwenye tai alikuja kwenye kilio. Aliketi karibu na mjane. Alitoa pole kwa upole. Kisha akatoa karatasi za bima. Gahongayire alizitia saini. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wake, na kila mwaka alimaliza kwa maneno yale yale: "Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimefiwa. Mfiwa hana nguvu ya kusema hapana. Uza penye furaha. Penye msiba, toa pole, ukae kimya."

Sasa, Jumamosi, mfiwa alikuwa Umulisa. Na aliyezituma fulana hakuwa mtu baki. Alikuwa Shema, mwanafunzi wa mwalimu, mmoja wa wale aliowapenda zaidi. Leo ana ofisi ya matangazo Kiyovu. Kampuni ile ni mteja wake.

"Pokea, mwanangu," mzee Muhire alimwambia Umulisa. "Zawadi ya msiba hairudishwi. Ukirudisha, umemfukuza mtu kilioni."

"Mjomba, na hizi namba za simu?"

"Namba gani?"

Alimwonyesha ukurasa. Mzee alisogeza simu mbali na macho, akaivuta karibu. Kisha alisema, "Ariko hairudishwi." Safari hii alisema kwa sauti ndogo.

Shema alifika baada ya hapo, amevaa koti, na fulana ndani yake. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia njia nzima.

"Mwihangane, dada, pole sana," alisema. "Ni kidogo tulichoweza."

"Asante, Shema. Umeleta nini?"

"Fulana."

"Sijauliza umebeba nini."

Shema alitazama boksi. Alitazama kifua chake.

"Mimi nilifikiri iko kama shada la maua," alisema hatimaye. "Shada linakuwa na utepe, jina la kampuni linaandikwa. Kila mtu anafanya."

"Shada linaomba namba ya simu?"

Shema alitoka uani, akapiga simu. Waliokuwa karibu walimsikia akisema, "Hapana, si kesho. Funga huo ukurasa sasa hivi. Na namba zilizoingia, futa." Aliporudi alivua koti. Akavua fulana mbele ya wazee, jambo ambalo si adabu, na hakuna aliyemkemea. Aliigeuza ndani nje, akaivaa tena.

Umulisa alifungua boksi la pili, akaanza kuzigawa. Hakuna zawadi iliyorudishwa.

Wasikilizaji wapendwa, Gahongayire ametutoka. Kwa Umulisa, kwa mzee Muhire, na kwa wote waliokaa katika darasa lake: poleni sana, mwihangane. Nanyi mnaotusikiliza mkiwa na simu mkononi, kabla hamjabonyeza, jiulizeni swali la mwalimu. Unanunua nini? Na wewe unayeuza, mtazame kwanza uliye mbele yako. Ana nguvu ya kusema hapana?

Haya ndiyo ya mwisho tuliyothibitisha. Saa nane mchana, katika makaburi ya Rusororo, wanafunzi wake walisimama kuzunguka kaburi wakiwa na fulana nyeupe, mishono ikiwa nje. Jina la kampuni halikuonekana. Picha ya mwalimu nayo haikuonekana. Ilikuwa upande wa ndani, imegusa vifua vyao.