Mama Mawimbi: Maisha ya Aliyetafuta Pumzi

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mawimbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Utotoni alikuwa mchokonozi. Aliwahi kuifungua redio ya baba kuwatafuta watu waliokuwa wakiongea ndani, akachapwa kabla hajawapata.

Baada ya sekondari alisomea ufundi wa mitambo chuoni, msichana pekee darasani. Alianza kazi mwaka 1991 uwanja wa ndege, chumba cha rada. Zilipokuja rada ndogo za kubebwa, zinazotuma mawimbi yanayopenya zege na kutambua kifua cha mtu kinavyopanda na kushuka, alihamia kikosi cha uokoaji.

Mwaka 2013 ghorofa liliporomoka karibu na soko. Wenzake walikuwa wamekwisha kukata tamaa, ndipo rada yake ikaonyesha mstari mwembamba ukipanda na kushuka. Mkuu wake alidhani ni mtetemo wa jenereta. Dada akaomba izimwe. Ikazimwa, mstari ukabaki. Walichimba kwa mikono, kwa kuhofia kuangusha zege lililobaki, naye hakubanduka kwenye kioo cha rada. Aliuona mstari ukilegea, ukififia, ukalala. Walipomfikia fundi cherehani aliyefukiwa pale, mwili ulikuwa na joto bado.

Alikwenda mazikoni, akasimama nyuma ya watu. Mama mfiwa alimwita, akataka kujua alichokiona. Alimweleza yote bila kuficha. Mama yule akasema taratibu, "Basi mwanangu hakufa peke yake."

Maneno yale hayakumwingia. Alituambia, "Nilikuwa naye, lakini yeye hakujua."

Toka hapo alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo, kichwa kikiwa upande, kama anayeitwa kutoka chumba cha pili. Shemeji yetu seremala, aliyemuoa mwaka 1996, anasema Dada hakulala tena bila kumwekea yeye mkono kifuani. Alimtania, "Mke wangu, nikitaka kufa nitakuaga kwanza." Dada hakucheka. Miaka yake ya mwisho kazini aliitumia kufunga rada katika wodi ya watoto njiti, zisome pumzi zao bila kuwagusa. Baadhi ya watoto hao wamekuja leo na wazazi wao.

Mwaka jana mapafu yake yalianza kushindwa. Hospitalini walimfungia ukutani kifaa cha rada kama vile vya watoto, nasi tukawa hatuna macho ila kwa ule mstari. Akatuambia, "Kiacheni hicho. Nitazameni mimi." Tukageuka sote. Alitutazama mmoja mmoja, na asubuhi hiyo hiyo, tarehe 14 Mei mwaka huu, akakata roho. Hakuna kati yetu aliyeona mstari ulipokoma.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu.

Mwenyezi Mungu amlaze pema. Zamu yake imekwisha, sasa apumzike.