Mama Kwanini na Tarehe Zilizoegemea Kulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja, mtunza ghala letu la dawa anakabidhi funguo tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina lake, lakini hospitali nzima inamwita Mama Kwanini. Mimi mfamasia, niliyetwishwa kazi ya kuandika wasifu huu, sina hakika ataitika nikimwita vingine.

Alianza na daftari la jalada gumu. Kompyuta ilipoletwa, wengi wetu tuliikwepa. Yeye aliivamia kwa maswali. Siku moja aligeuza tarehe kuwa namba ya kawaida, akagundua kuwa kompyuta haijui Januari wala Jumatatu: inahesabu siku tu, tangu mwanzo wa mwaka 1900. Basi hatukupumua. Kila mmoja alitafutiwa idadi ya siku alizoishi. Dereva wetu, ambaye hadi leo anajiita kijana, aliambiwa ametimiza elfu kumi na nane, akanuna mpaka saa ya kutoka.

Kisha ukaja ule mwezi wa Mei. Tulifungua orodha mpya ya dawa, na kompyuta ikapaka insulini yetu yote rangi nyekundu: imepita muda. Niliamini rangi. Nikatia saini iteketezwe. Shehena nyingine ilikuwa wiki tatu mbele, na mgonjwa wa kisukari hawezi kuambiwa asubiri wiki tatu.

Mama Kwanini alitaka kujua kwa nini tarehe nyingine zimeegemea kushoto na nyingine kulia. Nilimjibu kwa ukali kwamba tuna kazi. Hakujali. Aliingia pale panapopangwa mwonekano wa tarehe, akaandika herufi ya mwezi mara nne badala ya mara mbili, na tarakimu zikageuka majina. Ile 04/11 ya insulini ikasomeka 11 Aprili. Akaenda kwenye jokofu, akasoma boksi lenyewe: 4 Novemba.

Kumbe kompyuta ilikuwa imetanguliza mwezi. Ilipokutana na 25/11 ya dawa nyingine ilishindwa, maana mwezi wa ishirini na tano haupo, ikaiacha kushoto kama neno tu. Zile za kulia, ilizozipokea kama tarehe na zikaonekana nzuri, ndizo zilizopinda. Alizisahihisha zote, boksi moja baada ya jingine, nami nikaichana ile karatasi niliyotia saini. Tangu hapo orodha zetu zote huandika mwezi kwa jina.

Hakunisema kwa mkuu wa hospitali, wala hakunisimanga.

Kesho yake asubuhi, wa tatu kwenye foleni ya insulini alikuwa mama yangu mzazi. Sijawahi kukuambia, Mama Kwanini, kwa sababu niliona aibu. Leo nakuambia mbele ya wote: ahsante. Nenda kapumzike kwa afya njema, na maisha mema yawe nawe.