Kiinua Mgongo Katika Benki Tatu

Asubuhi moja ya mwaka 1994, Nthenya alipanda treni ya kwenda mjini katika kituo cha Makadara akiwa na hundi ya kiinua mgongo cha marehemu mumewe mkobani. Wiki nzima alikuwa ameshindwa kuamua aipeleke benki gani.

Mbele yake walikaa wanaume wawili waliokuwa wamejuana dakika hiyo hiyo: Haidari, mwenye duka mtaani Jericho, na mzee Ndolo, dereva mstaafu wa serikali.

"Pesa za uzeeni hazikai mahali pamoja, mzee wangu," Haidari alisema. "Zigawe. Hapa kidogo, pale kidogo."

"Niligawa," Ndolo akajibu. "Benki tatu. Mbili zikafungwa mwezi mmoja. Nilikuta askari mlangoni, na watu wanalia barabarani kama wako matangani."

"Lakini ya tatu si ilibaki? Ungeweka zote katika moja ya zile mbili, leo ungekula nini?"

"Na ningeziweka zote katika ile ya tatu, mke wangu angefanyiwa upasuaji kwa wakati. Nilimzika Agosti."

Haidari akampa pole, akageukia dirisha.

Nthenya hakuweza kujizuia tena. "Baba, samahani. Hiyo ya tatu ni ipi?"

Mzee akaona jinsi alivyoukumbatia mkoba. Akamtajia jina. "Lakini, mama," akaongeza taratibu, "usiniulize kama kesho itafunguliwa."

Treni ikasimama mjini. Watu wote wakateremka, na Nthenya akabaki ameketi.