Shangazi wa Mwaka wa Kuonja

Baada ya miaka thelathini na sita ya kusaga lenzi, Shangazi anastaafu tarehe 30 mwezi huu, na karakana ya miwani ya kliniki yetu ya macho haijawahi kuchangamka namna hii. Sote tunamwita Shangazi, hata mganga mkuu, ambaye kwa mvi zake ndiye angepaswa kuitwa mjomba.

Alikuja hapa akiwa ametoka shule na matokeo mazuri. Baba yake alishawatangazia majirani kwamba nyumba yake itatoa wakili. Binti akaomba mwaka mmoja tu afanye kazi kwanza, ndipo aseme kama chuo anakitaka, na cha nini. Mzee akanuna, mama mtu akabembeleza, na Shangazi akakabidhiwa ufagio wa kufagia unga mweupe unaodondoka chini ya mashine za kusagia.

Hakudumu na ufagio. Alipohamishiwa meza ya kung'arishia, alijizoesha kuvaa kila miwani aliyoitengeneza na kuzunguka nayo chumbani. Siku moja, akiwa na miwani nzito ya bibi mmoja, aliinama kwa adabu zote akaliamkia koti la msimamizi lililotundikwa ukutani. Shikamoo ile iliitikiwa na msimamizi mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Mpaka leo koti lolote likitundikwa pale, tunaliamkia.

Mwaka ukawa miwili. Kisha akaenda chuo, si cha sheria bali cha upimaji wa macho, akijua kabisa anakwenda kutafuta nini. Aliporudi ndipo alipoanzisha Mwaka wa Kuonja: kijana aliyemaliza shule anafanya kazi nasi mwaka mzima, kwa mshahara, halafu anasimama mbele yetu na kutangaza uamuzi wake. Wazazi walimjia juu. Walimkumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akawajibu kuwa ni kweli, ila hakuna aliyekatazwa kuchovya kidole cha mguu kabla hajavua nguo. Leo baadhi ya vijana hao ni wapima macho, wengine wamebaki mezani, na mmoja aliyeshindwa na kelele za mashine zetu alikimbilia cherehani, ambayo anadai hupiga kelele kwa adabu. Ndiye anayetushonea makoti.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mwaka jana binti yake kitindamimba alipomaliza shule, Shangazi alikuwa ameshamchagulia chuo cha ufamasia na kumnunulia sanduku. Siku ya usaili wa Mwaka wa Kuonja, mimi na mwenzangu tuliketi naye kama kawaida, tukamwita mwombaji anayefuata, akaingia binti huyo huyo. Alikuwa ameomba kimyakimya. Alipoulizwa sababu, alisema amekua akimsikia mama yake akiwaambia watoto wa watu waonje kwanza, naye anataka kujua kama yeye si mtoto wa mtu. Shangazi akatoka nje. Tulisikia mashine ikiwashwa, ikaunguruma bila lenzi, ikazimwa. Aliporudi alisema yeye hapigi kura. Tukampokea binti.

Tunaambiwa nyumbani walisalimiana kwa mkato wiki kadhaa. Kisha mama akaanza kumwona mwanawe mezani, mikono imetulia, anauliza maswali ya maana, na moyo wake ukageukia upande wa pili kabisa. Sasa alitaka binti arithi kiti chake. Alimfundisha kila anachokijua, na nia hiyo alituambia sote, wagonjwa wakiwemo. Hatukuwahi kumwona na furaha kama ile.

Wiki iliyopita binti alisimama kutangaza. Karakana nzima ilikuwa na vigelegele tayari kooni. Akasema lenzi anaziheshimu, lakini kilichomwamsha kila asubuhi ni mashine zenyewe; kila ilipogoma moja, yeye ndiye aliyekuwa chini yake na bisibisi. Anakwenda chuo cha ufundi mitambo.

Hakuna aliyemtazama binti. Tulimtazama mama. Machozi yalimtoka waziwazi, akasimama, akapiga makofi peke yake mpaka nasi tukamfuata kwa kishindo. Kisha akasema kwamba miaka yote hii amewaomba wazazi wawaache watoto wao wachague, na ni siku ile tu alipojua alikuwa akiwaomba kitu kikubwa kiasi gani.

Shangazi, asante kwa macho uliyoyasaidia na kwa watoto wa watu uliowaamini. Tumesikia Jumamosi unampeleka binti chuoni wewe mwenyewe, na kwamba umeshaulizia kama wazazi wanaruhusiwa kuingia kuziona mashine. Safari njema, afya tele, na mapumziko yako yawe matamu.