Bao Lisiloshangiliwa

Nje ya kibanda cha gemu cha Esteria, nyuma ya soko la Lushoto, kuna benchi ambalo halikosi watu hata ukungu ukishuka. Siku hiyo Esteria alikuwa ameleta gemu jipya la kuendesha pikipiki milimani, akaapa kwamba lisipochezwa leo analirudisha kwa kaka yake kule Muheza. Kassimu, bodaboda anayeitwa Kona, alilitamani kweli. Lakini aliendelea kubonyeza pedi ya gemu la mpira, lile lile la tangu akiwa shule, akiitazama TV kupitia mlango.

— Jaribu hilo jipya, Kona, alisema Tobia, muuza viazi.

— Thubutu! Mimi dereva. Nikianguka kwenye TV mbele za watu, nani atapanda pikipiki yangu?

— Baki na la mpira, akadakia Paskali, fundi viatu wanayemwita Profesa ingawa hajafundisha popote. Gemu likikaa na mtu miaka, linajua mpaka mapigo ya moyo wake.

— Na hilo la pikipiki?

— Hilo linakurekodi! Ukikata kona vibaya, trafiki wa Mombo anajua kabla hujashuka.

— Acha fiksi, Profesa!

— Tena zile kona ni zetu, Tobia akakazia. Walipita watu na kamera, wakapiga picha mpaka Soni.

— Basi nikianguka humo nimejiaibisha nyumbani kabisa, Kassimu akanung'unika.

Mara akatokea mama Zuhura, muuza kabichi, na matenga yake matupu.

— Shikamoo, mama, wakamwamkia wote.

— Marahaba, wanangu. Natafuta wa kunipeleka Magamba.

— Dakika moja, mama, namalizia hapa.

Kassimu akapiga shuti, mpira ukaingia wavuni. Akanywa kahawa yake.

— Si umefunga bao? akauliza mama Zuhura. Mbona hamshangilii?

Kassimu aliona uchungu. Zamani kwa bao la namna ile walikuwa wakibebana mabegani.

— Esteria, akaita, niwekee hilo la pikipiki!

Kona ya kwanza tu, akatumbukia korongoni. Benchi zima likalipuka kwa kicheko, Profesa akajimwagia kahawa, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Kassimu.

— Tena! Weka tena!

Mama Zuhura akageuza tenga, akalikalia.

— Haya, anguka mpaka uchoke, mwanangu. Ukimaliza, unipeleke Magamba.