Kinyozi Aliyesimamisha Pambano

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka kinyozi mmoja. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi wenu hamlijui jina alilopewa na wazazi wake. Mnamjua kwa jina la Mzee Taulo. Jina hilo hakulitaka. Alibandikwa, akalibeba miaka kumi na tisa kama mtu anavyobeba kibyongo.

Alikuwa kinyozi, na alikuwa kocha wa ngumi. Siku moja alisimamisha pambano ambalo mpiganaji wake alikuwa anashinda. Habari yake ndiyo hiyo. Lakini tuiendee polepole, maana haraka ndiyo iliyotuponza mwanzo.

Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa chumba kimoja. Kiti kimoja cha kuzunguka, ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka zamani. Kioo chenye ufa pembeni. Harufu ya spiriti na poda. Nyuma ya chumba kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, na hapo ndipo alipofundishia ngumi. Gunia la mazoezi alilishona mwenyewe, akalijaza matambara na nywele alizofagia sakafuni kwake. Vijana wakichoka, aliwachekesha. "Piga, bwana! Humo ndani mna kichwa cha mwenye nyumba wako!"

Mdogo wake wa kike aliugua, akafa, akaacha watoto wawili. Wa kwanza msichana, wa pili mvulana wa miaka kumi na mitano. Kabla hajakata roho alimwita. "Kaka, huyu wa kike anajiweza. Huyu wa kiume ana hasira. Niangalizie."

Kinyozi akamwahidi. "Atafika utu uzima, na akili zake kichwani."

Hasira ya kijana akaitafutia kazi. Akamfunga glavu. Akamfundisha kusimama, kupumua, kungoja. Akamfundisha pia adabu ya ulingo: humpigi aliyeinama, humcheki aliyeanguka, na neno lililosemwa kwenye kigoda, kati ya raundi na raundi, halitoki nje ya kamba. Hilo la mwisho alilirudia kila siku. Mpiganaji akiwa pale kigodani huweza kulia, huweza kuogopa, huweza kumwita mama yake. Kocha anasikia, anameza. Ni siri ya watu wawili.

Kijana alikuwa mfupi, mwepesi, haachii akishang'ata. Mashabiki wakamwita Siafu. Alipofika miaka ishirini na minne, Siafu aligombea mkanda wa ubingwa.

Wasikilizaji wapendwa, baadhi yenu mlikuwepo. Ukumbi ulijaa tangu saa nane mchana. Mpinzani alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Ngazi. Pambano lilikuwa la raundi kumi na mbili. Hadi raundi ya nane Siafu alikuwa anaongoza, na hakuna aliyebisha. Waliokuwa upande wa Ngazi walishaanza kutafuta viatu vyao chini ya viti.

Raundi ya tisa, mkono wa kulia wa Ngazi ulimpata Siafu chini ya sikio. Siafu hakuanguka. Hata hakuyumba. Ukumbi haukuona kitu. Kengele ikalia, akaenda kukaa kigodani. Mjomba wake akamtoa kinga ya meno, akammwagia maji kichwani.

Siafu akamtazama kwa macho ya mtoto aliyeamshwa usingizini. Akasema, "Mjomba, mama kesharudi?"

Mama yake alikuwa na miaka tisa kaburini.

Kinyozi akamwinamia. "Uko wapi hapa, mwanangu?"

Siafu akatabasamu. "Si nyumbani hapa, mjomba?"

Kengele ikalia. Siafu akasimama, miguu ikampeleka yenyewe, mikono ikajikunja yenyewe. Mwamuzi hakuona kitu. Watu elfu mbili hawakuona kitu. Kinyozi akachukua taulo begani kwake, akalitupa ulingoni. Pambano likaisha. Mkanda ukaenda kwa Ngazi.

Ukumbi ukaripuka. "Mwizi!" "Kala pesa huyo, kala!" Chupa zikaruka. Kiatu cha mtu kilimpasua kinyozi nyusi, na kovu lile alizikwa nalo.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Siafu alikuwa anapiga kabati kwa ngumi. "Nilikuwa nashinda! Mjomba, nilikuwa nashinda!"

"Uliniuliza kama mama yako kesharudi."

"Mama yangu kafa! Leo unamfanya mama yangu kisingizio?" Siafu hakukumbuka kusema neno lile, na aliyepigwa vile hakumbuki. Akachomoa glavu, akazitupa miguuni pa kinyozi. "Kuanzia leo sina mjomba."

Hayo ndiyo yaliyomkaa kinyozi rohoni. Mkanda haukumuuma. Kilichomuuma ni mtoto wa dada yake kuacha kumwita mjomba. Miaka yote iliyobaki alitaka kitu kimoja tu, aitwe tena.

Mjane wake alitupokea sebuleni wiki hii. Alikaa mkekani, amenyoosha miguu. Alisema: "Nilimwambia, baba watoto, toka nje uwaambie watu ulichosikia. Akanijibu, neno la kigodani halitoki nje ya kamba. Nikisema kijana anaota ulingoni, nani atampa pambano tena? Nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nikamwambia, basi wasimpe! Si ndiyo heri? Akachukua wembe wake, akaendelea kuunoa. Mume wangu alikuwa mtu wa haki, lakini kwa hilo alikosea. Alinyamaza pale pasipo pa kunyamaza. Mimi nami nikanyamaza kwa kumheshimu."

Alinyamaza. Nasi hatukunyamaza.

Wateja walipungua. Vijana walipita mlangoni na kutia vichwa ndani. "Mzee Taulo! Leo unanyoa kichwa kizima au utaishia nusu, useme inatosha?" Wenzao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mtu mmoja aliketi kitini, akafungwa kitambaa shingoni, akaruhusu anyolewe upande mmoja, halafu akainuka. "Nasimamisha pambano," akasema, akaenda zake na kichwa nusu. Alikubali kutembea hivyo mjini ilimradi amkere mzee. Na redio hii, wasikilizaji wapendwa, katika kipindi cha michezo, ilikisimulia kisa hicho kama kichekesho cha wiki. Kanda ipo hapa. Nimeisikiliza. Tunacheka vizuri sana.

Mteja mmoja tu mpya ndiye aliyeanza kuja. Ngazi.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi, akainamisha kichwa mlangoni maana mlango ulikuwa mfupi kwake. Akaketi. "Shikamoo, mzee. Nataka kunyolewa."

"Marahaba. Kwa nini kwangu?"

"Raundi ya tisa niliyaona macho yake," Ngazi akasema. "Nilijua nikiingia raundi ya kumi naweza nikaua mtu. Nilimtazama mwamuzi, hakuona. Wewe uliona. Mkanda huu nimeupata, lakini usingizi wangu umenipa wewe."

Akawa anakuja kila Jumatatu. Akataka kwenda redioni aseme alichokiona. Kinyozi akamkatalia. "Ukisema wewe, ni sawa na kusema mimi." Ngazi akatii. Aliendelea tu kuja, akakaa, akanyolewa, akanywa chai. Bingwa na kinyozi, wakizungumza mambo ya watoto wao.

Basi mashabiki walipoona hivyo, wakapata ushahidi waliokuwa wanautafuta. "Si tuliwaambia? Angalia wanavyokunywa chai pamoja!" Wema wa Ngazi ukageuka kamba ya kumnyongea mzee. Kioo cha kibandani kikavunjwa kwa jiwe. Na habari zikamfikia Siafu.

Kinyozi akafikiri siku tatu. Jumatatu iliyofuata alimngoja Ngazi mlangoni. "Mwanangu, usije tena. Akisikia hufiki hapa, labda moyo wake utalainika." Ngazi hakubishana. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka. Kinyozi alimfukuza rafiki wa pekee aliyebaki naye, ili ampate mpwa wake.

Mpwa wake hakuja.

Siafu alipata kocha mpya. Kocha huyo alisimama mbele ya waandishi, akatangaza, "Kona yangu haina taulo!" Ukumbi mzima ukashangilia, na sisi tukalirudia neno lile hewani asubuhi na jioni. Siafu akapigana mapambano mengine sita. Alishinda mawili. La mwisho alibebwa. Alikuwa na miaka thelathini.

Mikono ikaanza kumtetemeka. Akashindwa kufunga vifungo vya shati. Akawa anatoka kwenda dukani, harudi, mpaka atafutwe. Kocha mpya alikuja kumwona mara moja, na matunda. Mashabiki walipata siafu mwingine.

Dada yake, fundi wa cherehani, akamchukua akaishi naye. Ni yeye aliyekwenda kwa mjomba wao. "Mjomba, ndevu zimemjaa, na wembe hawezi kushika. Mimi naogopa kumkata. Njoo umnyoe."

"Alisema hana mjomba."

"Mjomba, hatakujua."

Na kweli hakumjua. Katika kichwa cha Siafu, mjomba wake alikuwa na nywele nyeusi na mgongo ulionyooka. Aliyeingia alikuwa mzee wa mvi mwenye mfuko wa plastiki, ndani mna wembe, sabuni na poda.

Kila Alhamisi, kwa miaka mitano, kinyozi alimnyoa Siafu karibu na dirisha, cherehani ikinguruma chumba cha pili. Dada alikuwa anasikia mazungumzo yote. Alitusimulia, na karibu kila Alhamisi yalikuwa yale yale.

"Mzee, mkono wako mwepesi. Hata siusikii."

"Ahsante, mwanangu. Inua kidevu."

"Mjomba wangu naye alikuwa kinyozi. Usije ukamjua, mtu mbaya."

"Alikufanyia nini?"

"Aliniuza. Nilikuwa nashinda, akaniuza."

Wembe ulisimama kidogo shingoni. Halafu ukaendelea. "Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa."

Dada hakuvumilia. Siku moja alimfuata mjomba mpaka barabarani. "Mwambie ni wewe! Hata mara moja. Mwambie alichokuuliza siku ile."

"Nikimwambia, atanifukuza," kinyozi akasema. "Sasa hivi ananisemesha. Miaka mingapi hakunisemesha?"

"Lakini anakutukana!"

"Ananisemesha."

Akaenda zake na mfuko wake.

Jumanne alifariki, kifua kilikuwa kimembana siku mbili. Jumatano tukamzika. Nasema tukamzika, lakini tulikuwa watu kumi na wanane, nilihesabu. Chama cha ngumi hakikutuma mtu. Ngazi alikuja, sasa naye ni mzee wa miaka hamsini, akabeba jeneza upande wa mbele. Kwa urefu wake jeneza lilikaa mshazari, ikabidi apinde magoti njia nzima mpaka kaburini. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wananong'ona. Mmoja akamwambia mwenzake, "Unaona? Mpaka leo wako pamoja."

Siafu hakuletwa mazikoni. Dada yake alisema, "Ningemwambia anamzika nani?"

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Siafu aliamka, akakunja kola ya shati ndani, akaketi dirishani kungoja. Ikafika saa nne. Ikafika saa tano. Akamwita dada yake.

"Yule kinyozi haji leo?"

"Hatakuja tena. Amefariki."

Siafu akaikunjua kola ya shati, polepole. Akasema, "Maskini. Alikuwa mtu mwema yule." Halafu akasema, "Dada, angekuwa yeye kwenye kona yangu siku ile, leo mimi ni bingwa."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, na watoto, na wajukuu. Tunampa pole fundi wetu wa cherehani, ambaye wiki hii amejaribu kumnyoa mdogo wake mwenyewe na mkono umemgoma. Tunampa pole Ngazi. Na wewe Siafu, kama redio imefunguliwa hapo dirishani, pole. Umefiwa, na hakuna namna ya kukueleza umefiwa na nani.

Kwa niaba ya redio hii, naomba radhi kwa kile kicheko. Najua aliyepaswa kuisikia radhi hii haisikii. Alikuwa na redio ndogo kibandani kwake miaka yote ile, na mjane anasema hakuizima hata siku tuliyomcheka.

Ningependa kuwaambia kwamba tumejifunza. Nina mtoto mdogo nyumbani, ningependa sana kuamini hivyo. Lakini Jumamosi hii kuna pambano katika ukumbi ule ule, na tiketi zimekwisha tangu juzi. Ukienda, na wakilisimamisha pambano kabla hujaridhika, na kinywa chako kikafunguka kuzomea, hesabu kwanza ni hatua ngapi kutoka kiti chako mpaka ulingoni. Kutoka pale ulipo, huwezi kusikia wanachoambiana kigodani.