Sauti Iliyoshuka: Maisha ya Mwalimu Adalbert Murhula, 1964–2026

Mwalimu Adalbert Murhula alizaliwa Cirunga, Kabare, tarehe 3 Mei 1964, mtoto wa tatu wa katekista Baharanyi na mkewe Mapendo. Siku ya ubatizo alilia hadi padri akasimamisha sala na kumngoja. Familia inaamini hapo ndipo alipoanza kupenda kusikilizwa.

Alisoma shule ya msingi Cirunga, kisha sekondari ya ualimu Bukavu, akapata diploma ya serikali mwaka 1983. Shuleni huko kilikuwepo kile chuma cha kugonga kinachotoa noti, diapason, nacho kikapotea. Kijana Adalbert akaanza kuwatolea wenzake noti kwa mdomo, na hakukosea hata siku moja. Tangu hapo aliliamini koo lake kuliko chombo chochote, na alijivunia jambo hilo waziwazi.

Alifika Goma mwaka 1986 kufundisha shule ya msingi. Kuanzia 2004 alikuwa mwalimu wa Chuo cha Ualimu Amkeni, Himbi, na mwaka 2019 akaunda kundi la wanafunzi kumi na wawili wanaoimba jazi kwa midomo tupu: wengine besi, wengine ngoma, wengine maneno. Hawakushika karatasi za noti. Kabla ya kila wimbo alipita mstarini, akamvumia kila mmoja noti yake karibu na sikio. Mwaka jana, mji ulipokuwa na vita na chuo kikafungwa, aliwafundisha uani kwake hadi kilipofunguliwa tena.

Tarehe 17 Agosti 1991 alifunga ndoa na Wivine Nshobole. Nusura amkose. Siku ya kujitambulisha ukweni, shangazi za bibi arusi walipoimba kumpokea, Adalbert aliwasimamisha na kuwaomba waanze upya, juu kidogo. Shangazi mkubwa alisusa chakula. Wivine ndiye aliyemwokoa, kwa kuanza wimbo mwenyewe, juu, pale alipotaka Adalbert. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Tangu Pasaka ya mwaka jana koo lilikuwa likimkereketa. Alikunywa tangawizi, akamwambia mkewe ni vumbi tu. Hili hatutalipamba: alificha, na sisi tulikubali kufichwa.

Ijumaa tarehe 21 Novemba waimbaji wawili wa kulipwa, Charline na Benny, walifika kwa boti kutoka Bukavu. Jumapili wangeimba na wanafunzi katika ukumbi wa chuo. Matangazo yalikuwa yamebandikwa hadi Munigi, nje ya mji. Wageni walikuwa wamejifunza nyimbo kwa karatasi alizowatumia yeye mwenyewe. Katika mazoezi ya Ijumaa hiyo, wimbo wa kwanza ulipoanza, wageni walikuwa juu na wanafunzi chini, ikawa kelele. Wakarudia. Kelele ileile. Mara ya nne Benny alivua koti, akasema kwa adabu lakini bila kuzunguka:

“Papa Adalbert, hawa batoto habasikie noti. Siku ya dimanche miye na Charline tutaimba peke yetu. Beye bapige makofi nyuma.”

Wanafunzi waliangalia viatu vyao. Miaka yao yote ya kazi ilikuwa inahamishiwa kwenye makofi. Adalbert, ambaye hakuwahi kumtukana mgeni, alimwambia Benny maneno ambayo hatuyachapishi hapa. Charline hakubishana. Alitoa simu yenye kipimo cha sauti, akaiweka mezani, akamwomba mwalimu avume noti ya la. Akavuma. Kipimo kikaonyesha chini, karibu toni nzima. Akakohoa, akavuma tena. Chini. Wivine, aliyekuwa ameleta chai, alisimama na birika mkononi, akaelewa yote. Mwezi kwa mwezi koo lilikuwa linashuka, na wanafunzi kumi na wawili walikuwa wameshuka nalo, hatua kwa hatua, kwa utiifu.

Adalbert aligeukia wageni. “Batoto habana kosa,” alisema. “Banaimba vile nilibafundisha. Makosa ni yangu.”

Jumamosi asubuhi Wivine alimpeleka hospitali bila kumuuliza. Alikutwa na uvimbe mkubwa kooni. Daktari alimkataza kutumia sauti, akapanga kumpasua Jumatatu. Konseri ya Jumapili ilibaki, lakini wanafunzi wasingeweza kupandishwa kwa siku moja. Basi wageni ndio wakashuka. Benny alilalamika kwamba noti za chini zingemmaliza, kisha akakaa siku nzima akizitafuta.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mwalimu aliketi mstari wa mbele na kitambaa shingoni, akiwa ameshika mkono wa mkewe kwa nguvu hadi ukamuuma. Hakuna aliyejua kama noti ingepatikana. Exaucée, mwanafunzi wa sauti ya pili, alipita mstarini akiwavumia wenzake, na mwisho akawavumia wageni. Wakaingia wote kumi na wanne pamoja. Mwalimu alilia, na Wivine hakuwa amemwona akilia tangu wamzike mama yake, Mapendo.

Upasuaji uliokoa miezi, haukuokoa sauti. Aliandika kwenye kibao, kwa Kifaransa alipokasirika. Alilala usingizi wa mwisho tarehe 12 Machi 2026, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Siku tatu kabla ya hapo Exaucée alimwahidi kwamba kundi litamwimbia kaburini kwa noti yake, ile ya chini, na halitaibadilisha kamwe. Mwalimu alitikisa kichwa. Akaomba kibao, akaandika polepole: “Bapandishe. Musiimbe ugonjwa wangu.”

Ameacha mjane, Wivine, watoto, Lévi, Sylvie na Prodige, wajukuu wanne, dada yake, Bashige, na wanafunzi kumi na wawili. Wamefanya mazoezi siku nne, wakikatika kwa machozi na kuanza tena. Sasa wanasimama mbele yenu. Wataimba juu, mahali sauti yake ilipokuwa kabla ya ugonjwa.

Mwalimu, pumzika. Mungu akupokee kwa amani yake.